Mabaka ya mwanangu hayana mchawi

Mara ya kwanza ilikuwa saa nane za usiku. Mwanangu aliniamsha akijikuna, nikawasha taa na kukuta mgongo mzima umejaa mabaka mekundu yaliyoinuka, mengine mapana kuliko kiganja changu. Asubuhi hayakuwepo. Jioni yakarudi, safari hii mapajani, na jicho moja likavimba hadi likafumba.

Kila aliyetufahamu alikuwa na mshtakiwa wake: sabuni, vumbi, paka, rangi ya nguo. Mimi nilishtaki chakula. Nikaondoa maziwa, nikaondoa mayai, nikaendelea kuondoa mpaka sahani ikabaki tupu kwa mtoto anayekua. Uzito ulipungua, mabaka hayakupungua. Siku moja alishika kijiko karibu na mdomo akaniuliza, "Mama, hiki hakitanidhuru?" Swali lile bado linaniuma. Ugonjwa ulikuwa wa ngozi, ila hofu ya kula nilimpa mimi.

Natamani ningeelezwa mapema kwamba mabaka hayo huitwa urtikaria, na kinachotokea. Kwenye ngozi kuna seli za kinga zilizobeba histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho na uvimbe. Zikichokozwa huimwaga, mishipa midogo ya damu huvuja maji, na ngozi huinuka na kuwasha. Hali hiyo ikitokea ndani zaidi, hasa kwenye kope na midomo, huja uvimbe. Kwa watoto, mara nyingi kichokozi ni virusi vya kawaida tu, na mambo huisha ndani ya siku au wiki chache. Yakipita wiki 6 huitwa urtikaria sugu, na hapo chakula huwa sababu kwa nadra sana. Mzio wa chakula una tabia yake: hujitokeza ndani ya dakika chache hadi kama saa 2 baada ya kula, na hurudi kila mtoto anapokula kitu kilekile. Mabaka ya mwanangu mara nyingi yalikuja alfajiri, kabla hajatia chochote mdomoni.

"Sababu haijulikani." Maneno hayo ya daktari niliyachukia, nikidhani ni namna ya kutufukuza kwa adabu. Leo naamini ni jibu halali. Kwa watoto wengi wenye hali hii hakuna kitu cha nje cha kukiondoa. Wengine ni kinga yao wenyewe inayozichokoza seli zile. Ugomvi wangu ni na daktari anayelitoa jibu hilo kisha akanyamaza, mzazi akatoka asijue afanye nini usiku huohuo.

Maana cha kufanya kipo. Sisi tulikuwa tunampa dawa mabaka yakishatoka. Urtikaria sugu huhitaji dawa za mzio, zinazozuia histamini, kila siku, hata siku ambayo ngozi ni safi, na ziwe zile za kizazi kipya kama setirizini au loratadini. Za zamani kama klorofenirameni humlewesha usingizi, akasinzia darasani. Dozi ya kawaida ikishindwa, daktari anaweza kuipandisha, wakati mwingine hadi mara 4; mzazi asijaribu peke yake. Kwa waliofikisha miaka 12 ipo pia sindano ya omalizumabu, dawa hizo zisipotosha. Tuligundua vilevile kwamba ibuprofeni, dawa ya maumivu na homa, ilimzidishia mabaka, jambo linalowapata baadhi yao.

Piga picha kila mabaka yanapotoka, kwa sababu ukifika kwa daktari yatakuwa yameshapotea. Baka moja kwa kawaida halimalizi saa 24 mahali pamoja. Likikaa zaidi, likauma au kuacha alama kama ya damu iliyovilia, huo ni uchunguzi mwingine. Na uvimbe unaojirudia bila mabaka wala muwasho hata siku moja, hasa ukiambatana na maumivu makali ya tumbo au ukiwa upo kwenye ukoo, usiukubalie "sababu haijulikani" kabla damu haijapimwa. Upo uvimbe wa kurithi ambao dawa za mzio haziusaidii kabisa.

Ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, pumzi ikiwa nzito, au mtoto akatapika ghafla na kulegea, usisubiri. Hapo kinachohitajika ni sindano ya adrenalini na hospitali, si kidonge.

Walimu nao niliwaeleza kwamba hayaambukizi, baada ya mwanangu kukaa dawati la peke yake wiki nzima. Sikulisamehe haraka lile.

Daftari la vyakula nililitupa. Tuna jipya, na ni la kwake: kila jioni anaandika namba ya mabaka, kuanzia 0 hadi 3, na namba ya muwasho vivyo hivyo. Wiki hii ana sifuri za siku tano, moja ya Alhamisi, na tatu ya jana. Usiku wa jana nilimkandia mgongo kwa kitambaa chenye maji baridi hadi akalala, na asubuhi alikula kila nilichomwekea bila kuuliza.