Uingereza mkopeshaji ndiye anayekwenda mahakamani, Nairobi ni mdaiwa

Ninalipa mkopo wa nyumba mjini Leicester, na wakati huohuo nafuatilia kwa karibu madeni ya jamaa zangu walioko Nairobi. Mazungumzo ya Wakenya wa ughaibuni kuhusu jambo hili huishia kwenye riba, na kweli riba ya nyumbani inaumiza. Hata hivyo, kuna swali ambalo mimi naliona lina uzito zaidi: mtu anaposhindwa kulipa, nani analazimika kufika mbele ya hakimu kwanza?

Nchini Uingereza, mkopeshaji anayetaka kuichukua nyumba inayokaliwa na familia hufungua kesi. Jaji hutazama hesabu ya mapato na matumizi ya mdaiwa, na kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1970 ana uwezo wa kuahirisha shauri au kusimamisha amri ya kuondolewa, iwapo anaridhika kwamba mdaiwa anaweza kumaliza malimbikizo katika muda unaofaa. Watu wengi hubaki katika nyumba zao kwa njia hiyo, wakilipa kiasi cha kawaida na kuongeza kidogo kila mwezi. Anayeshindwa kabisa huipoteza nyumba, lakini huipoteza baada ya kusikilizwa.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mkopeshaji njia asiyohitaji kupitia kwa jaji hata mara moja. Mkopaji akikaa mwezi mmoja bila kulipa, benki inaweza kumpa ilani ya kifungu cha 90, ambayo humpa muda usiopungua miezi mitatu kurekebisha hali. Muda huo ukipita, hufuata ilani ya kifungu cha 96 ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha dalali naye hutoa yake ya siku 45 kwa mujibu wa kanuni za madalali. Baada ya hapo huja tangazo gazetini na siku ya mnada. Nyundo ikishagonga, haki ya kukomboa mali imekwisha. Mnunuzi analindwa na kifungu cha 99 hata kama ilani zilikuwa na kasoro, na mwenye nyumba aliyekosewa hubaki kuidai benki fidia. Anayetaka kuzuia mnada ndiye anayepaswa kutafuta wakili, kulipa gharama na kukimbilia mahakama ya Milimani, Nairobi, kuomba zuio, tena akiwa katika kipindi ambacho hana fedha kabisa.

Mama yangu mdogo, anayeishi Buruburu, aliweka hati ya nyumba yake kuwa dhamana ya mkopo wa duka la vifaa vya ujenzi la mwanawe. Nilipomtembelea alitoa bahasha mbili kutoka kabati la vyombo, zilizokuwa zimepitia sanduku la posta la kanisa. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa na kurudishwa, ya pili ilikuwa bado imefungwa kwa gundi. Aliniambia kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, hawawezi kunigusa mpaka nione karatasi ya korti." Tulifungua ile ya pili juu ya meza ya chakula. Ilikuwa ilani ya kuuza, kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili, na siku 19 kati ya zile 40 zilikuwa zimekwisha kupita.

Mama mdogo si mjinga; alikuwa mwalimu kwa miaka mingi na anasoma Kiingereza vizuri. Alichokosa ni mtu wa kumwambia maana ya karatasi ile kwa vitendo, na jinsi siku zinavyohesabiwa. Kesho yake tulikwenda naye pamoja na mwanawe kwenye idara ya benki inayoshughulikia madeni sugu, tukaomba taarifa kamili ya mkopo na kupendekeza kuuza pikapu ya duka ili kupunguza malimbikizo. Benki ilikubali kuongeza muda wa mkopo. Nina hakika kwamba kama bahasha ile ingebaki kabatini miezi miwili zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya mnada.

Kinachoniuma ni kwamba ulinzi upo katika vitabu vyetu. Kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei bora inayopatikana kwa kiasi cha haki na kufanya tathmini kabla ya kuuza, na bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinazuia riba ya mkopo uliokwama kupita kiasi cha deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipokwama. Uingereza ilikuja kuweka kikomo kinachofanana na hicho kwa mikopo midogo ya muda mfupi mwaka 2015, ilipoamuru kwamba gharama zote zisizidi kiasi kilichokopwa. Katika hilo Kenya ilitangulia, lakini ni wadaiwa wangapi wa mitaa ya Nairobi kama Umoja au Kasarani wanaojua kwamba wanaweza kuiomba benki hesabu na kuipima kwa kipimo hicho?

Hali ni hiyohiyo katika mikopo ya simu. Nimewahi kupigiwa simu Leicester na mkopeshaji wa Nairobi kwa sababu tu namba yangu ilikuwa kwenye simu ya binamu yangu, nikatajiwa deni lake hadi shilingi ya mwisho. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza kuwaandama watu wa orodha ya mawasiliano ya mkopaji kwa namna hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatoa mlango wa kulalamika kwa Kamishna wa Data. Binamu yangu hakuwa amesikia habari ya milango hiyo yote miwili. Yeye aliona aibu, akakopa kwingine ili alipe.

Huku ninakoishi, barua ya malimbikizo huja pamoja na namba za mashirika ya ushauri wa madeni, kama vile StepChange na National Debtline, ambayo hayatozi kitu. Tangu Mei 2021, mdaiwa wa England na Wales anaweza kupitia kwa mshauri kupata siku 60 ambazo riba na ada za madeni mengi husimama na wadai hawaruhusiwi kumwandama, ingawa awamu za kila mwezi za mkopo wa nyumba lazima aendelee kulipa. Maisha ya huku yana uzito wake, na kubeba deni la miaka 30 si jambo la kuonea wivu, lakini mtu haachwi peke yake na bahasha.

Wenye benki watasema kwamba kupitisha kila mnada kwa jaji kutachelewesha malipo na kupandisha riba kwa wanaolipa vizuri. Hoja hiyo ina ukweli, kwa kuwa mahakama zetu zimelemewa na wako wadaiwa wanaotumia zuio kukwepa deni miaka nenda rudi. Mimi naomba kikao kimoja tu, chenye muda uliowekwa na sheria, kwa nyumba ambayo familia inalala ndani yake, kabla dalali hajapewa kazi. Viwanja vitupu na maghala yabaki kwenye utaratibu wa sasa. Naomba pia kila ilani ya kifungu cha 90 na cha 96 iandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, ioneshe tarehe kamili ya mwisho badala ya idadi ya siku, na itaje ofisi ambayo mdaiwa anaweza kwenda kushauriwa bila malipo. Ofisi hizo zigharimiwe kwa mchango wa wakopeshaji wenyewe, kama Uingereza inavyofanya.