Srirangapatna 1799: Je, Tipu Sultan Aliangushwa na Usaliti?

Mchana wa tarehe 4 Mei 1799, katika kilele cha joto, askari wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki walivuka Mto Kaveri uliokuwa na maji machache, wakapanda ukuta uliobomolewa na mizinga yao na kuingia Srirangapatna, makao makuu ya Mysore, ufalme wa kusini mwa India. Mtawala wake, Tipu Sultan, aliuawa akipigana, na mwili wake ukapatikana langoni chini ya lundo la maiti. Lawama ikamwangukia waziri wake, Mir Sadiq, anayedaiwa kuwaondoa walinzi ukutani kwa kisingizio cha kwenda kupokea mishahara.

Dai hilo si la kubezwa. Jeshi la Jenerali Harris, kamanda wa Waingereza, lilikuwa limeanza kuishiwa chakula, na mvua za kusi zilikuwa zimekaribia. Kaveri ikifurika, ngome hiyo iliyojengwa kisiwani ingekuwa vigumu mno kushambuliwa. Tipu alikuwa amekwisha kuyaona hayo mwaka 1791, Cornwallis, Gavana Mkuu wa Waingereza India wakati huo, alipofika karibu na ngome hiyohiyo mwezi Mei, akashinda vita vya uwanjani, kisha akalazimika kuharibu mizinga yake mizito na kurudi nyuma kwa sababu ng'ombe wa kuikokota walikufa na chakula kilikwisha. Kwa hiyo, kama kweli kuna mtu aliyeliacha wazi lile pengo la ukuta, aliwaokolea Waingereza muda waliokuwa wakiuhitaji kuliko silaha.

Tatizo ni ushahidi. Mir Sadiq aliuawa siku hiyohiyo, na inasemekana waliomuua ni askari wa Mysore wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba walimshuku, si kwamba alikuwa na hatia. Isitoshe, pengo lile lilitobolewa na mizinga, na hapakuhitajika msaliti kulitoboa.

Kwa maoni yangu, uzito mkubwa zaidi uko katika mkataba wa mwaka 1792 uliomaliza vita vile vya Cornwallis, uliomnyang'anya Tipu karibu nusu ya ufalme, ukamtoza rupia milioni 33 na kuwachukua wanawe wawili mateka. Nizam, yaani mtawala wa Hyderabad, jirani yake, alipeleka majeshi upande wa Waingereza. Ufaransa, aliyoitegemea, ilimletea watu wachache tu kutoka Morisi, kisiwa kilichokuwa koloni lake, na hao wakawa kisingizio kizuri kwa Gavana Mkuu Richard Wellesley cha kuanzisha vita. Mvua zingeweza kumrudisha Harris Madras, kituo kikuu cha Waingereza kusini mwa India. Zisingemrudishia Tipu mapato ya kulipa jeshi kubwa kama la awali.

Kuna pia uamuzi wake mwenyewe, ambao watetezi wake huupita haraka. Baba yake, Haidar Ali, aliwachosha Waingereza kwa wapanda farasi wepesi hadi akawalazimisha kufanya amani mwaka 1769 karibu kabisa na Madras. Tipu, akiwa na eneo dogo zaidi, alijifungia ndani ya kuta, akiuachia mto na kalenda ya mvua kazi ambayo baba yake aliifanya kwa farasi.