Kiingereza Changu Kimeisha Muda

Jamani, mwenzenu Kiingereza changu kimeisha muda. Kama dawa. TOEFL, ule mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, niliufanya na nikafaulu, matokeo yakaishi miaka 2, yakafa. Juzi nimefungua fomu ya kuomba PhD Marekani, fomu ikanitaka nithibitishe kwamba najua Kiingereza. Imeniuliza kwa Kiingereza! Nikaielewa neno kwa neno, ndiyo maana nikakasirika. Tasnifu nzima ya uzamili nimeiandika kwa lugha hiyohiyo. Eti matokeo ya GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya juu, wenye hesabu ndani, yanadumu miaka 5, maana yake hesabu zinakaa kichwani kuliko lugha. Za kwangu zilinitoka mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Halafu hilo neno "ufadhili kamili". Ni kweli, karo wanalipa wao, posho wao, bima ya afya mara nyingi wao. Ila kuufikia huo mlango wa bure kuna viingilio njia nzima: ada ya maombi, ada ya mtihani, ada ya kutuma matokeo ya mtihani niliokwisha kuulipia. Msamaha wa ada upo. Nikaandika kwamba sina hela, wakajibu nilete uthibitisho kwamba sina. Na nikibahatika kupata nafasi, kwenye viza nitatakiwa nithibitishe kwamba hela ya kunitunza ipo. Sijui faili hizo mbili nizitenganisheje zisije zikakutana.

Lakini kilichonimaliza ni barua za mapendekezo. Wanataka 3. Profesa wangu nikamfuata kwa heshima zote, akasema, "Andika mwenyewe, mwanangu, mimi nitasaini." Basi nikakaa usiku kucha nikijisifu. Nilijisifu mpaka nikaanza kujionea wivu. Akanirudishia ina wino mwekundu: "mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha" imekatwa, juu yake kaandika "hana matatizo." Na kwenye fomu nimeshaweka tiki kwamba naacha haki yangu ya kuisoma barua hiyo. Barua ya siri, niliyoitunga mimi!

Mwisho wa kupokea ni 15 Desemba, saa sita kasoro dakika moja usiku, usiku wa kwao. Kiungo cha kupakia barua kikaangukia kwenye barua taka za Profesa, na yeye simu anapokea akijisikia. Nilimpigia mpaka mkewe akanizoea.

Maprofesa wa huko nao niliwaandikia 40, kuwauliza kama wanachukua wanafunzi mwaka huu. Kimya. Likaja jibu moja, moyo ukaruka, kumbe ni mashine: yuko likizo. Nikaishukuru hata hiyo mashine.

Jana ndiyo akajibu binadamu. Andiko langu kalisoma lote, kalipenda, na Kiingereza changu kakisifia kwa sentensi nzima. Chini kabisa akaongeza: usisahau kuambatanisha TOEFL.