Muuguzi aliyechomwa sindano ananyamaza kwa nini?

Likizuka suala la wauguzi kuchomwa sindano kazini, wakubwa wa hospitali wana jibu tayari: uzembe. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inatupwa ilivyo kwenye boksi la ncha kali, na boksi likijaa robo tatu linafungwa. Somo hilo linaanza chuoni. Wana na hoja ya pili, nzito zaidi: asiyeripoti na kupimwa mapema atathibitishaje baadaye kwamba ugonjwa aliupata kazini? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unataka ushahidi.

Yote kweli. Ila nenda wodi ya wazazi saa tisa usiku, umtazame mkunga akishona msamba. Damu inachuruzika, umeme umekatika, mwanga ni wa simu aliyoshikiwa na mwanafunzi. Mkono wa kulia unasukuma sindano. Kidole cha shahada cha kushoto kiko ndani ya jeraha, kinapapasa ncha itatokea wapi kwa sababu jicho halioni. Hapo ndipo kinapochomwa. Hakuna kifuniko kilichorudishwa. Kitanda cha pili wanaita, "Nesi, mtoto anakuja!" Anavua glavu, ananawa kwa sabuni, anavaa nyingine.

Kesho yake tutasema "amejichoma", kana kwamba alikusudia. Hata sarufi imeshamhukumu.

Sasa aripoti. Jina linaandikwa daftarini, kisha anapimwa VVU na watu anaokunywa nao chai saa nne. Kipimo hicho cha kwanza hakionyeshi kilichomwingia usiku ule, kinaonyesha hali aliyokuja nayo. Ndicho kinachohitajika kwenye fidia, na ndicho anachokiogopa, maana karatasi ya kumlinda ndiyo hiyo hiyo ya kumfichua. Akionekana kwenye foleni ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, habari zitamtangulia wodini. Bado siku 28 za vidonge vya PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, na kichefuchefu chake, huku zamu ziko pale pale. PEP inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Saa zinakwisha yeye akiwaza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hofu yote tumeielekeza kwenye VVU. Kati ya watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, takriban 3 huambukizwa wasipotumia dawa. Kwa homa ya ini B, kama aliyechomwa hajachanjwa, huambukizwa kati ya 60 na 300. Rudia kusoma: 3, na hadi 300. Kirusi hicho huweza kuishi siku 7 kwenye damu iliyokauka, kwa hiyo hata mhudumu wa usafi anayebeba taka asubuhi hajanusurika. Na chanjo ipo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002; muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Anayemwita mzembe alimchanja lini?

Kuhusu vifaa, wakubwa nawaelewa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000 kuwabana waajiri watumie sindano salama zaidi, zikiwemo zinazojificha ncha zenyewe, na wawashirikishe wanaozitumia katika kuzichagua. Sindano hizo ni ghali kuliko za kawaida, na zahanati inayohangaika kupata glavu haiwezi kuanzia huko. Tena zisingemsaidia yule mkunga, kwa kuwa sindano ya kushonea haina pa kujificha.

Dozi tatu za chanjo, lakini, zingeweza kuanza wiki muuguzi anapoanza kazi kituoni. Dozi ya kwanza ya PEP ingekaa kwenye kabati la wodi, ufunguo kwa aliye zamu, naye akapimwe kituo kingine akipenda. Na kwenye daftari, badala ya kuuliza "ulijichomaje?", waulize taa ilikuwa wapi.