Gereji irudi nyuma mita sita: kwanini manispaa wanakomaa

Wengi wakipeleka ramani ya gereji ya nyumbani kuomba kibali, kinachowakera sio hata ada, ni ile kuambiwa rudisha nyuma, umekaa karibu mno na barabara. Hasira hiyo naielewa. Kiwanja ni chako, kodi unalipa wewe, halafu mtu anakwambia mita tano sita za mbele usijenge kitu, na kama kiwanja ni kidogo gereji inasukumwa nyuma mpaka inakula sehemu ya watoto kucheza.

Ila tujiulize, gari la pili litakaa wapi? Au hata hilo moja, siku gereji ikijaa makabati na baiskeli, maana tunajua gereji nyingi zinaishia kuwa stoo. Litapaki mbele ya mlango, hakuna pengine. Sasa gari la kawaida lina urefu wa kama mita 4.5, pikapu kubwa inapita 5. Chukua gereji iliyoachiwa mita 3 tu toka kwenye mpaka. Hata pua ya gari ikigusa mlango, mita moja na nusu ya gari iko nje, juu ya njia ya waenda kwa miguu, na kama njia yenyewe ina upana huohuo basi imeisha yote. Mama mwenye kigari cha mtoto anashuka barabarani, mwenye kiti cha magurudumu akikuta ukingo mrefu hata kushuka hawezi, anageuza. Na sio siku moja, ni kila jioni, kwa miaka yote hiyo gereji itakayosimama. Ndo maana mita 6 haikuokotwa hewani, ni urefu wa gari plus nafasi ya mtu kupita na mlango kufunguka.

Kuna mji kama Portland kule Oregon, Marekani, kwenye baadhi ya maeneo ya makazi kanuni inasema mlango wa gereji uwe futi 5 au pungufu toka mpakani, au futi 18 na zaidi. Katikati hapana, kwa sababu katikati ndo panamshawishi mtu apaki gari lisiloenea. Mimi hiyo naiona akili kubwa, japo ile futi 5 ina shida yake: dereva anakaa katikati ya gari, kwa hiyo akitoka kinyumenyume kati ya kuta mbili, nyuma ya gari inafika njiani kabla yeye hajaona kama kuna mtoto anapita.

Wanaopinga wana hoja pia, siwapuuzi. Kipimo kimoja kwa mtaa wenye malori na kwa kichochoro kisichotokea upande wa pili ni uvivu wa kupanga. Njia ndefu ya zege kuingia gereji inaongeza maji ya mvua yanayokimbilia mtaroni. Na kibali kikichelewa mafundi wanakaa bure, mtu anaamua kumwaga msingi kimyakimya, tena amepima kuanzia kwenye lami wakati kipimo kinaanzia kwenye bikoni ya kiwanja, hifadhi ya barabara kaihesabu kuwa yake. Kuta zikishafika juu hapo hakuna wa kuzisogeza, ni kubomoa au kuanza kuomba msamaha wa kanuni ambao unaweza kukataliwa.

Pa kulegeza mimi naona ni hapa: kinachohitaji umbali ni mlango, sio ukuta. Gereji ikigeuzwa ubavu, mlango ukaangalia ndani ya kiwanja, gari linageukia na kupaki humohumo na linatoka kwa pua. Kama ukuta hauzibi macho ya madereva kwenye kona na haujakaa juu ya mabomba, sioni kwanini mwenye kiwanja chenye upana wa kutosha adaiwe mita zilezile sita.