Kariakoo huuzi kwa simu

Nauza bima Kariakoo. Moto na wizi kwa wenye maduka, na magari kwa yeyote mwenye gari. Hiyo ya gari, ile bima ndogo ya gari binafsi, siihesabu kama kuuza. Trafiki ameshaniuzia barabarani, mimi naandika tu. Kuuza ni pale unapoingia kwenye fremu ya mtu asiyekujua, asiyekuita, ambaye duka lake halijawahi kuungua, ukamwambia atoe hela leo kwa ajili ya janga ambalo huenda lisimfike.

Kampuni nyingi za mjini hufundisha kazi hii kwa namna moja. Unapewa karatasi yenye maneno ya kusema, unapewa orodha ya namba, unaambiwa idadi ya simu unazotakiwa kupiga kwa siku, kisha unafundishwa namna ya kumbana mtu aseme ndiyo kabla hajakata. Maoni yangu ni kwamba mfumo huu, kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, ni kupoteza vocha na kuwachosha vijana bure. Simu ina kazi yake, lakini hiyo siyo.

Hebu jiweke upande wa anayepigiwa. Namba ngeni. Sauti ya kijana, changamfu kupita kiasi: "Habari za leo, naongea na Bwana Fulani bin Fulani?" Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Halafu inafuata habari njema, kuna ofa, imebaki siku mbili. Kila mwenye simu Tanzania ameshapigiwa hivyo, na mara nyingi aliyepiga alikuwa tapeli. Tulisajili laini kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, na bado meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia mpaka kwa bibi zetu kijijini. Hata kulijua jina la mtu hakukuongezei heshima, kwa sababu kila mtu anajua mchezo ulivyo: unaingiza namba kama vile unataka kutuma hela, jina la mwenye laini linatokea, unaghairi. Sisi wa mauzo tunafanya hivyo. Matapeli nao wanafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo ile karatasi, kwa nia njema kabisa, inamfundisha kijana wa watu kuanza mazungumzo neno kwa neno kama tapeli, halafu bosi anashangaa kwa nini wateja wanakata simu.

Orodha za namba nazo ni habari nyingine. Zinauzwa. Mtu anatoa namba zote za kundi la WhatsApp la wauza vipuri, anaziweka kwenye faili, anakuletea. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Sheria au bila sheria, tajiri wa Kariakoo swali lake la kwanza ni "namba yangu umeitoa wapi?", na kama huna jibu la kueleweka, mazungumzo yameishia hapo.

Waliofundisha watu kuuza Kariakoo ni mawinga. Winga hana duka, hana mzigo, hana hata kiti. Anasimama Mtaa wa Kongo au Aggrey, anamuona mama ametoka mkoani, ana begi kubwa na orodha mkononi, na ndani ya dakika chache mama huyo anamfuata ghorofa ya tatu kwenye duka ambalo asingelijua maisha yake yote. Watu wanawasema mawinga vibaya kwa sababu ya cha juu wanachoweka, na wengine kweli wanazidisha. Lakini mwangalie vizuri anavyofanya. Haanzi na bidhaa. Anaanza na "mama, unatafuta nini, umetoka wapi, gari lako la kurudi ni saa ngapi?" Anabeba begi. Akishajua gari ni la saa kumi, anajua pia mama hana muda wa kuzunguka, na hapo ndipo bei inapopangwa. Mkufunzi wa semina za hotelini anaweza kuongea siku nzima juu ya mahitaji ya mteja asifike pale winga anapofika kwa maswali matatu.

Kuhusu muda nitasema kwa kifupi, maana ukikosea huu mengine hayakusaidii. Asubuhi usiingie kabla mtu hajauza. Mwenye duka ambaye hajafungua hesabu hataki kusikia habari ya kutoa hela, wengine wanaona kabisa unawaletea nuksi. Ijumaa kuanzia saa sita waache watu wakaswali. Wiki za kuelekea Idi na Desemba nzima usisumbue mtu. Muda mzuri ni saa nane mpaka saa tisa na nusu mchana, siku za katikati ya wiki, wakati jua limepiga, wateja wamepungua na muuzaji amekaa anapepewa na feni, hana wa kuongea naye.

Na huyo muuzaji wa kaunta msalimie kama mwenye mali. Tajiri mara nyingi hayupo, yuko stoo Gerezani au yuko Guangzhou. Lakini binti anayekaa kaunta ndiye atakayesema "alipita mkaka wa bima, anaonekana mstaarabu" au "walipita wale wasumbufu tena". Nimeona wenzangu wanamuuliza binti "bosi yuko wapi?" kabla hata ya salamu. Duka hilo limefungwa kwao moja kwa moja, hawatajua kwa nini. Salamu yenyewe isiwe ya kuigiza. Kuna wanaosikia kwamba Wakinga ni wengi Kariakoo, basi wanakariri salamu moja ya Kikinga. Ukijibiwa kwa sentensi nzima utafanyaje? Shikamoo inatosha, na kwa anayestahili salamu aleikum, salamu aleikum.

Sasa niseme lile ambalo kwenye simu sikuwahi kulisikia, na ambalo ndilo hasa linaloamua biashara hii.

Kwenye simu mwenye duka atakwambia "bima ni ghali" au "nyie mkidaiwa hamlipi". Mafunzo yote yanajibu hayo mawili. Ukikaa naye dukani, ukarudi tena, ukanunuliwa maji ukanywa, siku moja atakwambia jambo jingine kabisa, kwa sauti ya chini. Mzigo wake una thamani ya shilingi milioni 180, tuseme. Bima ya moto inataka aandike hiyo milioni 180 kwenye fomu, aweke na karatasi za manunuzi. Na mauzo aliyokadiriwa kodi hayafanani na duka lenye mzigo wa namna hiyo. Anaogopa karatasi. Moto hauogopi kiasi hicho. Anawaza: hii fomu ikifika kwa watu wa mapato? Waliogoma Kariakoo Mei 2023, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kukutana nao Mnazi Mmoja, moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa ni usajili wa stoo. Mtu aliyefunga duka kwa sababu hataki stoo yake isajiliwe, wewe unampigia simu unamwomba akutajie thamani ya mzigo wake. Nani atakujibu?

Simtetei anayekwepa kodi. Ila muuzaji asiyeijua hofu hiyo atahangaika kupunguza bei, na tatizo wala si bei.

Wengi hutafuta njia ya katikati: "niandikie milioni 60 tu." Hapa ndipo wakala mwenye njaa anapoandika haraka haraka na kuondoka, na ndipo jina la bima linapoharibikia. Kwa kawaida mkataba wa bima ya moto una kifungu cha uwiano. Ukikata bima ya theluthi moja ya mali yako, ukapata hasara, unalipwa theluthi moja ya hasara. Mzigo wa milioni 180 uliokatiwa milioni 60, ukiungua wa milioni 30, malipo ni milioni 10. Mwenye duka alidhani atapata 30 zote, kwa kuwa 30 iko chini ya 60. Akipewa 10 ataeleza mtaa mzima kwamba ametapeliwa, na mtaa utamwamini, kwa sababu hakuna aliyemwelewesha siku ya kusaini. Mimi hesabu hii naifanya mbele yake, kwenye kikokotoo chake, kabla hajalipa. Ndiyo, wengine huahirisha. Waliobaki wanajua walichonunua, na wengine wamerudi wakiwa na karatasi zao zote kwenye mfuko wa rambo.

Vivyo hivyo kuhusu kuuza kwa hofu. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na kwa wiki kadhaa kila mwenye fremu alikuwa anaulizia bima. Mawakala walimiminika. Walioandikwa kwa hofu, wengi hawakuhuisha mwaka uliofuata, hofu ilikuwa imeshapoa. Jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo Novemba 16, 2024 na watu kupoteza maisha, maswali yakarudi, na safari hii swali lilikuwa gumu zaidi: "Bima yangu ya moto ingenilipa hapo?" Jibu la kweli ni kwamba bima ya moto ya kawaida ni ya moto na radi, na jengo kuanguka lenyewe si moto. Lazima ufungue mkataba uone vimeongezwa vifungu gani. Kuna wakala aliyekuwa anajibu "ndiyo ndiyo, kila kitu kimo". Huyo hauzi, anakopa tu lawama za baadaye.

Jambo dogo linalonisaidia kuliko maneno yote: sipokei hela mkononi, na simwombi mtu aniamini. Namwambia atoe simu yake yeye, aingie kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, aweke namba ya gari lake lililoegeshwa nje. Anaandika taratibu kwa kidole gumba, intaneti inazunguka, kisha inatokea: kampuni gani, bima inaanza lini, inaisha lini. Anaangalia skrini, ananiangalia. "Kumbe naweza kuona mwenyewe?" Ndiyo, mzee. Na hii ya duka nayo, jina la kampuni na leseni yangu utaviuliza TIRA, si kwangu. Baada ya hapo mazungumzo yanabadilika, hata kama hanunui siku hiyo.

Wapo wasionunua kwa sababu ya dini, na hao sibishani nao. Sasa kuna takaful, bima inayofuata misingi ya Kiislamu, nawaelekeza huko. Anayesema "acha namba, nitakutafuta" naacha namba na simtafuti mpaka mwezi upite. Anayesema "pita Alhamisi baada ya saa nane" huyo ni mteja, na Alhamisi hata mvua ikinyesha napita, kwa sababu anachopima si bima bali kama mimi ni mtu wa kupatikana.

Kazi ya simu inaanza hapo. Ukishaonekana, simu inakuwa tamu: "Mzee shikamoo, mimi ni yule wa bima, nilipita Jumanne mkiwa mnashusha mzigo, nikaongea na binti wako wa kaunta." Hakati. Ana sura ya kuiweka kwenye sauti. Kumkumbusha kuhuisha, kumtumia mkataba WhatsApp, kumuuliza baada ya mvua kubwa kama maji yameingia stoo, hayo yote simu inayaweza. Na ukimhudumia vizuri siku ya fidia, ukamfuatilia mpaka kalipwa, anakupa mwenyewe namba ya jirani: "Mpigie huyu wa mabegi, mwambie nimekutuma mimi." Huyo wa mabegi simjui na hanijui, lakini nikipiga ninaanza na jina la jirani yake, na ninachoomba ni kitu kimoja tu, aniambie yuko fremu namba ngapi na nipite saa ngapi.