Mama aliyekuja stendi saa sita

Alifika saa tano na nusu mchana na furushi lake la dagaa, hana haraka, kama mtu anayejua basi lake bado. Basi lake lilikuwa limeshavuka Mikumi. Kijana wa dirishani akaitazama simu ya yule mama, akaitazama tena, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, hili limeondoka alfajiri."

"Limeondokaje, mwanangu? Si imeandikwa saa sita hapa?"

Ilikuwa imeandikwa 06:00. Mwanawe aliye Njombe ndiye aliyemkatia tiketi mtandaoni na kumtumia ujumbe. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale, pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, nasubiri basi la Morogoro kwa shughuli zangu nyingine kabisa. Ule mstari wa 06:00 niliuandika mimi. Nikanyamaza. Mpaka leo sijui kama ningefungua mdomo ningesema nini.

Natengeneza tovuti. Ni mwaka wa kumi na mbili sasa hii ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba, na kwetu bado hakuna anayejua ni kazi gani. Mjomba huniletea simu zilizoingia maji. Mama mkwe aliwahi kuniuliza, kwa staha zake zote, kama ile kazi ya steshenari inaendelea vizuri. Huko mitandaoni nako wana picha yao: kijana kakaa ufukweni, laptopu mapajani, dafu pembeni, anafanya kazi popote duniani. Nimeijaribu Nungwi. Jua likipiga kioo huoni herufi hata moja, mchanga unaingia kwenye vitufe, na betri inakufa kabla ya dafu kuisha.

Lakini kusafiri kwenyewe sikukatai. Tangu siku ya yule mama nina msimamo ambao wenzangu wanauona wa ajabu kidogo: anayetengeneza tovuti ya mabasi apande basi, na nauli yake iandikwe kwenye makisio ya gharama za mradi, mstari wake peke yake, kabla hata ya seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Wateja wengi wanaukata mstari ule. Wanauliza, si kazi ya kompyuta hii, unakwenda wapi?

Nianze na hilo la saa, maana ndilo lililonitia aibu.

Sote tunajua kwamba saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Huku karibu na Ikweta jua halina mchezo, linatoka na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa moja baada ya kupambazuka na hesabu inakaa vizuri. Simu ya yule mama ilikuwa inamwonyesha 06:00 kila asubuhi, na kila asubuhi aliisoma saa kumi na mbili bila kukosea. Basi kwa nini alikosea kwenye tiketi? Nilikaa na swali hilo ndani ya basi mpaka Chalinze. Jibu nililopata ni kwamba saa ni chombo, unaitazama na kuitafsiri kichwani. Tiketi ni maneno ya mtu. Kadi ya harusi ikiandika 12:00 jioni hakuna anayetafsiri chochote, anakwenda ukumbini saa kumi na mbili. Tiketi za karatasi tangu enzi za Ubungo ziliandikwa hivyohivyo kwa kalamu: 12:00 asubuhi, ufike 11:30. Yule mama alisoma tiketi yangu kama tiketi. Mimi ndiye niliyeiandika kama saa.

Na kompyuta haikunisaidia. Ukiiambia itoe tarehe kwa Kiswahili, itakupa Jumatano na Septemba bila tatizo. Saa itabaki ileile ya Kizungu. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Waliozitengeneza hizi lugha za kompyuta walikuwa na hesabu zao na haraka zao. JavaScript, lugha inayoendesha karibu kila ukurasa unaofungua, Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwezi Mei 1995, na mpaka leo inahesabu miezi kuanzia sifuri: Januari ni 0, Desemba ni 11. Sisi wa fani tumezoea, tunajumlisha moja bila kufikiri. Ningeweza kuongeza sita pia. Haikunijia tu, kwa sababu pale nilipokaa kuandika hapakuwa na mtu wa kukosa basi.

Ofisi yetu wakati huo ilikuwa Mikocheni. Kiyoyozi, intaneti ya waya, skrini mbili pana kama meza ya chakula. Tovuti ilifunguka kabla hujanyanyua kidole, tukapongezana. Kwenye ukurasa wa kwanza niliweka picha ya basi jipya la kampuni, nzuri sana, MB 4. Mwenye kampuni aliipenda mno picha ile.

Siku niliporudi Mbezi kwa makusudi, nikaketi kwenye benchi karibu na madirisha ya tiketi tangu asubuhi hadi adhuhuri, niligundua kwanza kwamba abiria wengi hawaigusi tovuti yangu kabisa. Anayeigusa ni wakala. Abiria anasema, "Makambako, kesho, mbili," na wakala ndiye anayebonyeza, simu yake ina ufa kutoka kona hadi kona, imejaa video za watu, bando la siku linakaribia kukata. Huku anabonyeza, mpiga debe anamvuta mteja wake kwa mkono. Picha yangu ya MB 4 ilikuwa inashuka taratibu kama pazia. Wakala mmoja, bila kujua mimi ni nani, alinionyesha ujanja wake: alikuwa amezima picha zote kwenye brauza. Alikuwa ameitengeneza upya tovuti yangu kwa kidole kimoja, na ya kwake ilikuwa bora.

Malipo nayo yana vituko vyake. Tulipanga kwamba ukishachagua kiti, ujumbe unaingia kwenye simu yako, unaweka namba ya siri, basi. Ofisini iliwezekana kila mara, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa ameshika simu akiisubiri. Stendi, simu yenye pesa ni kitochi kilichofungwa kwenye ncha ya kanga, au kiko kwa mjukuu aliyekwenda kununua maji, na kabla hajarudi muda umekwisha na kiti kimerudi sokoni. Nilikuwa nimeweka sekunde 60. Leo nimeweka dakika tano na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mhasibu.

Kuna jambo jingine ambalo hulioni mpaka likuume. Seva yetu ilikuwa Frankfurt. Maana yake wakala akibonyeza hapo Mbezi, ombi lake linashuka pwani, linaingia kwenye mkongo chini ya bahari, linakwenda mpaka Ujerumani na kurudi, ili tu kumwambia kama kiti cha dirishani kipo kwenye basi lililoegeshwa nyuma ya mgongo wake. Safari moja ya namna hiyo haifiki sekunde. Ukurasa wangu, hata hivyo, ulikuwa unaomba vitu zaidi ya 90, vingine vikisubiriana kama watu kwenye foleni ya bomba. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ikakatika baharini huko kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mawakala wakatoa vitabu vya karatasi chini ya meza. Walikuwa navyo siku zote. Hawakuwahi kutuamini, na walifanya vizuri. Orodha ya viti sasa inakaa kwenye seva hapahapa Dar, na kulihamisha hilo hakukuwa kugumu. Kulihitaji tu mtu aone ni kichekesho.

Treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma, Julai 2024, nilifurahi kuliko watoto. Mteja wangu mmoja yuko huko, na safari iliyokuwa ikinila siku nzima ikawa chini ya saa nne, treni ikikimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Nikasema sasa nimepata ofisi inayotembea. Siku hiyo niliamua kuijaribu fomu ya maombi ya mafunzo niliyomtengenezea mteja huyohuyo, kama mwombaji wa kawaida, kwa simu. Nilijaza jina, nikajaza namba ya kitambulisho, nikajaza shule ya msingi, shule ya sekondari, majina ya wadhamini wawili. Tukaingia kwenye mahandaki ya Kilosa. Tulipotoka nikabonyeza kutuma, kigurudumu kikazunguka, kikazunguka, kisha fomu ikarudi nyeupe. Tupu. Jirani yangu kwenye kiti alinisikia nikitukana, akadhani nimepokea habari mbaya, akanipa pole. Nikamwambia asante.

Ni kazi ya nusu siku kuifanya simu yenyewe itunze alichoandika mtu mpaka mtandao urudi. Nusu siku! Nilijua namna ya kufanya hivyo miaka mingi. Na nikifikiria ni vijana wangapi wamekaa kibarazani kwao huko Kondoa au Mpwapwa, wamejaza fomu ile mara tatu, kisha wakaamini kosa ni lao, nakosa raha. Mtu wa kwetu tovuti ikimgomea hasemi tovuti mbovu. Anasema, "Mimi haya mambo siyajui."

Wapo wenzangu wanaonijibu kwamba siku hizi huhitaji kupanda basi, kuna zana za kuigiza mtandao hafifu na simu dhaifu ukiwa hapohapo mezani. Zipo, nazitumia kila wiki, na aliyezitengeneza nampa heshima yake. Ila zana ya kuigiza mtandao hafifu haijui kwamba simu iko kwenye ncha ya kanga. Wengine husema hayo ni ya mtafiti, mwandishi wa programu aachwe aandike. Labda kwenye kampuni kubwa zenye watafiti. Hapa kwetu aliyeandika programu ndiye aliyeijaribu, ndiye anayepokea simu ikiharibika, na mara nyingine ndiye anayefuata hela kwa mguu.

Novemba 2023 nilikwenda Unguja kwenye DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django, pale Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na nilirudi na wazo moja lililonikaa kuliko mada nyingi nilizozisikiliza. Django, zana ya kutengenezea tovuti ambayo nusu ya kazi zangu zimesimama juu yake, haikuzaliwa kwenye kampuni ya programu. Ilizaliwa kwenye gazeti la mji mdogo, Lawrence, jimbo la Kansas huko Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wanatengeneza tovuti za gazeti hilo, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Walikaa na waandishi wa habari, na habari haisubiri wiki mbili za mkutano. Nadhani ndiyo maana imekaa sawa mkononi. Kila ninapoitumia nahisi kuna mtu aliyekuwa anapigiwa kelele na mhariri.

Mombasa na Nairobi nimekwenda pia, kwa Horohoro na kwa Namanga. Sina mengi ya kuongeza, ila kwamba kitochi huko wanakiita kabambe na kwamba saa yao ya mdomoni ni hiihii yetu. Kwa hiyo kosa langu lingevuka mpaka bila pasipoti.

Tiketi niliibadilisha wiki ileile. Sasa inaandika "Saa 12:00 asubuhi", na chini yake kwa herufi ndogo 06:00, kwa ajili ya wageni. Mwenye kampuni aliona inapoteza ukisasa. Nikamsimulia habari ya dagaa, akaikubali.

Mwezi uliopita nilipita tena Mbezi. Wakala yuleyule wa simu yenye ufa alikuwa anachapisha tiketi yangu mpya, nzuri, saa imeandikwa wazi, kisha akatoa kalamu ya wino mwekundu na kuchora duara kwenye tarehe kabla ya kumpa abiria. Nikamuuliza anazungushia nini.

"Haya mabasi ya usiku," akasema. "Imeandikwa Jumatano, saa tisa usiku. Mtu anakuja Jumatano usiku. Basi limeondoka jana yake."

Pembeni ya duara alikuwa ameandika kwa mkono: usiku wa kuamkia Jumatano. Nikaomba kalamu yake, nikaandika maneno hayo kiganjani.